Barua ya kuomba kazi mtandaoni? Andika ukiwa na la kusema

Nianze na jibu ili usishuke mpaka chini ukilitafuta: maombi mengi ya kazi unayotuma mtandaoni hayahitaji barua. Machache yanaihitaji sana, na kwa mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe ambaye hana digrii ya kutundika ukutani, hayo machache ndiyo yenye nafasi. Shida ni kwamba wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaambatisha barua ile ile kila pahali isipotakiwa, halafu pale inapotakiwa tunatuma baruapepe tupu.

Hiyo barua ile ile unaijua. Iko kwenye kompyuta ya kila saiba kuanzia Magongo hadi Mishomoroni. Unaingia, unamwambia jamaa unataka barua ya kazi, anafungua faili lenye jina la mtu aliyekuja jana, anafuta jina lake anaweka lako, anafuta "mlinzi" anaweka "karani", shilingi hamsini. Ndani imeandikwa kwa Kizungu cha suti na tai kwamba wewe ni mchapakazi, ni mwaminifu, unaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, unaweza pia kufanya kazi na wenzako, na ukipewa nafasi utajitahidi kadiri ya uwezo wako. Nishaona barua ya kuomba kazi ya hoteli Bamburi ambayo aya ya mwisho ilikuwa inaahidi kuinua mauzo ya kituo cha mafuta. Jamaa wa saiba alipitiwa, hakufuta.

Na usimlaumu jamaa wa saiba. Barua hiyo tulifundishwa shuleni. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha, swali la kwanza ni la lazima, na barua rasmi ni mojawapo ya zile tungo ambazo mwalimu alikuwa akitupa mazoezi mpaka tukaota. Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya unayemwandikia kushoto, "Kwa Bwana/Bibi", halafu KUH kwa herufi kubwa na mstari chini. Mwisho "Wako mwaminifu" na sahihi. Ukisahau kimoja, alama zimekwenda. Sura ndiyo iliyokuwa na alama. Sikumbuki hata siku moja tukiulizwa: huyu unayemwandikia, akishamaliza kusoma, atakuwa amejua nini kukuhusu ambacho hakukijua? Ndiyo maana leo mtu wa miaka 24 anaandika sanduku la posta la shule yake ya zamani, 80100 Mombasa, juu ya barua anayoituma kwa simu kwa mtu ambaye hata akitaka kumjibu kwa posta hatajua stempu inauzwa wapi.

Sasa twende kwa kazi zenyewe, kwa sababu huko mtandaoni si pahali pamoja.

Kuna kazi za serikali kuu. Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ina tovuti yake ya kazi, na matangazo yake huwa yanakwambia wazi kwamba usiambatishe stakabadhi yoyote. Kila kinachotakiwa unakijaza ndani ya fomu. Vyeti vyenyewe, vile halisi, utavibeba siku ya mahojiano ukiitwa. Kwa hivyo ukikesha ukitunga barua ya PSC, haina pa kuwekwa. Usiku huo ungeutumia kuhakikisha jina lako kwenye kitambulisho linalingana na jina la kwenye cheti, maana hapo ndipo wengi wetu wa Pwani tunaponaswa: kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Muhammad, na cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halipo kwengine kokote.

Ukija kwa kaunti mambo yanageuka. Matangazo ya bodi za utumishi wa kaunti mara nyingi yanaitisha barua ya maombi, CV na nakala za vyeti, hata kama unatuma kwa mtandao. Hapo usibishane. Iandike, taja nafasi kwa jina lake kamili na nambari yake ya tangazo kama ipo. Hiyo ni barua ya kufuata kanuni tu. Mtu akipitia rundo la maombi akitafuta la kutupa, ombi lililokosa kitu kilichoitishwa linamrahisishia kazi. Usimpe sababu.

Halafu kuna makampuni makubwa yenye tovuti zao za kazi. Unafungua akaunti, unapakia CV, kisha chini kuna kisanduku cha barua kimeandikwa kwamba si lazima. Jinsi mambo haya yanavyokwenda ni kwamba programu inahifadhi maombi yote, na afisa wa ajira anayachuja kwa vigezo: kiwango cha elimu, miaka ya uzoefu, leseni fulani. Barua, ikifunguliwa, hufunguliwa baada ya mchujo. Kama tangazo limesema digrii ni lazima na wewe umejibu huna, hakuna barua tamu itakayokurudisha ndani. Hapo wacha. Kama umepita vigezo vyote na CV yako imenyooka, barua itaongeza kidogo sana. Weka mistari minne au usiweke, lala usingizi.

Hayo nimeyapita haraka kwa sababu si huko ambako wengi wetu tunatafuta kazi. Sisi tunatafuta kwenye ofisi za kusafirisha na kutoa mizigo bandarini, kwenye bohari za makontena za Changamwe, Jomvu na Miritini, hoteli za kuanzia Nyali mpaka Shanzu, supamaketi, famasia, shule za kibinafsi, maduka ya simu. Tangazo lenyewe ni picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Anahitajika keshia, tuma CV kwa," halafu baruapepe au nambari ya simu.

Zamani kazi nyingi za aina hii zilikuwa za getini. Changamwe, ukitaka kibarua cha yadi ulikuwa unasimama getini alfajiri na wenzako, na kama kuna mtu ndani anakujua, unaingia. Viwanda vya nguo vya EPZ mpaka leo geti ndilo linaloongea, hakuna anayekuuliza barua pale, wanataka kuona kama mkono wako unajua cherehani. Lakini yadi za mizigo zimepitia mengi. Reli ya SGR ilipoanza 2017 na baadaye makontena yakaanza kulazimishwa kupanda treni kwenda bara, kazi za hapa zilikatika, na 2019 watu wakawa wanaandamana mjini kila Jumatatu. Septemba 2022, siku ile Rais Ruto aliapishwa, ndipo alipotangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi bandari ya Mombasa. Kazi zilizorudi, mimi ninavyoona kwenye simu yangu, hazikurudi zote getini. Karani, msimamizi wa stoo, mtu wa kuandika taarifa za mizigo kwenye kompyuta: hizo siku hizi zinatangazwa kwa simu na zinaombwa kwa simu.

Na anayepokea si idara. Ni mtu mmoja. Mara nyingi ni mwenye ofisi mwenyewe au mhasibu wake, anasoma kwa simu yake akiwa kwenye foleni ya Kibarani. Anafungua baruapepe yako, anaona nini? Kwa wengi wetu anaona jina la baruapepe kama lile la enzi za kidato cha pili, kichwa cha habari hakipo, ndani hakuna neno, na chini kuna mafaili matatu: "Hati1", "Hati2" na "picha ya skana". Unamtaka atumie bando lake kufungua mafaili matatu ya mtu asiyemjua ambaye hata habari ya asubuhi hakumpa. Wallahi mimi nisingefungua.

Kwa hivyo hapa ndipo nasema barua ni muhimu, lakini isiwe kiambatisho. Barua ni yale maneno unayoandika ndani ya baruapepe yenyewe. Yeye akigusa tu, yuko mbele ya sentensi yako ya kwanza.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama na haikukwamuka. Niliomba kazi kwenye ofisi moja ya mizigo, jina naliacha, nikaambatisha barua ambayo ilieleza jambo hilo kwa sentensi mbili. Nikaitwa mahojiano. Swali la kwanza la bosi: "Mbona hukumaliza chuo?" Nikamwambia nimeeleza kwenye barua. Akaniuliza, barua gani? Akachukua simu, akatafuta, ilikuwa pale, faili la pili, halijaguswa. Aliita watu kwa kusoma CV peke yake. Wapo watakaoshikilia kisa hicho kama ushahidi kwamba barua ni kazi bure. Mimi nakisoma hivi: swali alilokuwa nalo kichwani ni lile lile nililokuwa nimelijibu. Alilihitaji jibu, ila lilikuwa limefungwa ndani ya mlango ambao hakuufungua. Walioitwa pamoja nami walikuwa sita. Wangapi wenye pengo kama langu hawakuitwa kwa sababu swali lilibaki bila jibu? Huyo bosi hakuwa na haja ya kunitafutia sababu, ana CV nyingine thelathini.

Na hapo ndipo ninaposimama katika mjadala wote huu. CV inasema ulifanya nini na lini. Haisemi kwa nini. Mtu mwenye CV iliyonyooka, shule, chuo, kazi, kazi kubwa zaidi, hana swali la kujibu, na barua kwake ni shanga tu za kujipamba. Mtu mwenye CV iliyopinda anazua maswali, na akinyamaza, msomaji atajijibu mwenyewe, na hajijibu kwa wema. Kwa hivyo kabla hujaandika, shika CV yako, isome kama mtu asiyekupenda, uone ataguna wapi. Akiguna, andika. Asipoguna, tuma CV na salamu fupi, basi.

Ataguna wapi? Kwa vijana wa huku kwetu naona sehemu tatu hivi, na moja yao hata hatuizungumzii.

Ya kwanza ni chuo kilichokatika au miaka mitupu. Usiifiche, na usiililie. Sentensi moja: karo ilikwama, au nilikuwa nauguza mzazi, tangu hapo nimekuwa nikifanya hiki na hiki. Usiandike hadithi ya maisha yako. Anayeajiri karani hataki kulia saa tatu asubuhi.

Ya pili ni kubadilisha kazi. Umekuwa ukiendesha tuktuk miaka mitatu, sasa unaomba kazi ya kupeleka mizigo ya duka la mtandaoni. Kwenye CV inaonekana kama mtu aliyepotea njia. Kwenye barua unasema: najua kila uchochoro wa Kisauni kutoka Kiembeni mpaka Mwandoni, najua saa ambayo barabara ya Bombolulu haipitiki, na nimeshika pesa za watu kila siku bila kelele. Mtu akisoma hivyo anaona kwamba tuktuk ilikuwa chuo.

Ya tatu ndiyo hiyo hatuizungumzii: unakoishi. Mwajiri wa kisiwani akiona Likoni, anaona feri. Anamwona mfanyakazi anayefika saa tatu akisema feri imeharibika. Akiona Kisauni, anakumbuka habari za vijana wa mapanga. Akiona Changamwe, anaona malori yamefunga barabara. Si haki, najua. Nina rafiki wa Mtongwe ambaye alikuwa anaandika kwenye CV kwamba anaishi Tudor, kwa shangazi yake ambaye hajalala kwake tangu Idi ya mwaka juzi. Sipendi njia hiyo, maana ukipata kazi utaishi na huo uongo kila siku ya mvua. Afadhali umtoe mwajiri wasiwasi wewe mwenyewe. Feri inavusha watu usiku na mchana, anayetembea kwa miguu halipi, na wewe umevuka maji hayo tangu ukiwa na begi la shule mgongoni. Mwambie.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi, tuseme ni kazi ya karani wa stoo kwenye ofisi ya Shimanzi:

"Naomba nafasi ya karani wa stoo mliyotangaza wiki hii. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikihesabu na kurekodi mizigo katika yadi moja ya Miritini, kwanza kwa daftari, baadaye kwa kompyuta. CV yangu itawaonyesha kwamba sikumaliza diploma: karo ilikwama mwaka wa pili, na tangu hapo sijakaa bila kazi. Naishi Mtongwe. Kazi ikianza saa moja asubuhi, mimi huwa nimeshavuka feri saa kumi na moja na nusu, ndivyo nilivyofanya nikiwa Miritini. Naweza kuja mahojiano siku yoyote. CV nimeambatisha."

Imeisha. Hakuna mchapakazi, hakuna mwaminifu. Uaminifu wako ataujua akimpigia simu yule wa Miritini.

Kama ni WhatsApp, kanuni ni ile ile, ila fupisha zaidi. Usitume "Mambo, kazi bado iko?" kisha ukasubiri. Huyo mtu amepokea "Mambo" arubaini tangu asubuhi. Andika ujumbe mmoja uliokamilika: salamu, jina, kazi gani, umefanya nini kinachofanana nayo, unaishi wapi, uko tayari lini, halafu CV ikiwa PDF, si picha nne za karatasi zilizopigwa juu ya kitanda shuka likionekana. Huo ujumbe wako ndio barua. Watu wanaoniambia "mimi siandiki barua za kazi" wanaziandika kila wiki, tena mbaya, bila kujua.

Sasa kuhusu akili unde. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, barua ya saiba imepata mpinzani. Huhitaji tena shilingi hamsini, unabandika tangazo, inakuandikia barua iliyopigwa pasi. Tatizo ni kwamba jirani yako amebandika tangazo hilo hilo. Mwaka 2025 watafiti wawili, Anaïs Galdin na Jesse Silbert, walitoa utafiti kuhusu Freelancer.com, ile tovuti ambayo baadhi yenu wa uandishi wa mtandaoni mnaijua vizuri, ambapo unamwandikia mwenye kazi barua fupi kuomba kibarua. Waligundua kwamba kabla ya zana hizi, wenye kazi walikuwa wakiithamini barua iliyoandikwa kwa ajili ya kazi yao hasa, na aliyejisumbua kuiandika kweli alikuwa na dalili ya kuimaliza kazi vizuri. Zana zilipokuja, kila mtu akawa na barua nzuri, na uzuri wa barua ukaacha kuwaambia wenye kazi chochote. Walioumia ni wale wazuri, kwa sababu kilichokuwa kinawatofautisha kilifutwa.

Siyo kwamba usiitumie kabisa. Kama Kizungu chako kinakuangusha, andika mambo yako mwenyewe kwanza, kwa Kiswahili hata, kisha iambie ikunyooshee lugha bila kuongeza kitu. Ila ile yadi ya Miritini, ile saa kumi na moja na nusu, ile karo, haiwezi kuvijua. Ukiona sentensi kwenye barua yako ambayo mtu mwengine yeyote angeweza kuitia sahihi, ifute.

Hata wakubwa waliomba kazi kwa njia hii. Kuna rasimu ya barua ya Leonardo da Vinci ya karibu mwaka 1482, akimwomba kazi Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Yule bwana alikuwa na vita mawazoni, kwa hivyo Leonardo hakuanza na picha. Alianza na madaraja mepesi ya kubebeka, akaja mizinga na magari ya vita, uchoraji akautaja mwisho mwisho. Alijua anayesoma ana shida gani. (Sisi wa Likoni kwa lile daraja tu tungemwajiri siku hiyo hiyo, picha angechora wikendi.)

Najua utakaloniambia, kwa sababu ndilo ninaloambiwa maskani kila nikilianzisha hili: "We acha, kazi Mombasa ni kujuana." Sibishi. Kuna nafasi zinazotangazwa ikiwa mwenyewe ashapatikana, na tangazo ni la kutimiza sheria tu. Barua yako haitamshinda mpwa wa meneja. Lakini angalia kujuana kwenyewe kunavyofanya kazi huku chini. Binamu yako anafanya kazi pale, anakwambia, tuma, nitamwambia bosi. Anamwambia bosi. Bosi anafungua baruapepe mia, hajui yupi ni yupi, jina lako haliko kwenye kichwa cha habari, na binamu yako hajatajwa popote. Koneksheni imepotelea hapo. Sentensi ya kwanza ya barua yako ingekuwa: "Nimeelekezwa kwenu na fulani wa idara ya usafiri." Mwombe ruhusa kwanza binamu, usimtaje kwa ghafla.

Lugha nayo inasumbua watu. Ofisi nyingi bado zinategemea Kizungu, na tangazo likiwa la Kizungu, jibu kwa Kizungu, kifupi, sentensi ambazo ukiulizwa ana kwa ana unaweza kuzisema. Usiandike neno ambalo hulitamki. Lakini tangazo la Kiswahili lijibu kwa Kiswahili, na kama ni kazi ambayo Kiswahili ndicho wanachonunua, redio kama Pwani FM, kituo cha kuhudumia wateja, kuongoza watalii wa ndani, basi barua ya Kiswahili safi ni sampuli ya kazi yenyewe.

Kuna na vitu ambavyo havifai kuwa kwenye barua hata kidogo. Nambari ya kitambulisho, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, dini, kabila, nambari ya akaunti. Kuna matangazo ya uongo yanayokusanya hivyo tu, na mengine yanakuomba "ada ya mahojiano" kwa M-Pesa. Mwajiri wa kweli halipishi mahojiano. Na usikimbilie kulipia cheti cha tabia njema kwa kila ombi. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022, na sasa mwajiri hafai kukuitisha vyeti vya kuthibitisha huna deni wala makosa mpaka awe anakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Zaidi ya shilingi elfu moja ni pesa nyingi kwa kazi ambayo hata hujaitwa.

Hesabu ya muda nayo ifanye. Ukituma maombi ishirini kwa wiki, pengine matatu tu yanastahili barua iliyoandikwa kweli: yale ambayo umefikia vigezo karibu vyote, anayesoma ni mtu na si fomu, na CV yako ina pahali pa kuguna. Hayo matatu yape nusu saa kila moja. Mengine salamu na CV.

Na usiyaache mpaka dakika ya mwisho. Matangazo ya serikali mara nyingi hufungwa saa kumi na moja jioni, tovuti inakuwa nzito kwa sababu Kenya nzima iko humo, na wewe unajua stima ya kwetu inavyopenda kupotea saa kumi. Andika usiku wa jana yake, asubuhi msomee mtu mmoja kwa sauti, yeyote, hata mamako jikoni. Akikuuliza "Sasa hapa ulikuwa unamaanisha nini?", rekebisha hapo, halafu tuma.